Tusiache Mbachao: Kuvu za Mizizi Katika Vibanja vya Karagwe na Kyerwa

Mtu asafiriye kutoka Omurushaka kupitia Nkwenda hadi Murongo, penye mpaka wa Uganda, huona mambo mawili yakipokezana njia nzima. Huona vibanja, yaani mashamba ya migomba yaliyozunguka nyumba, ambamo migomba, mibuni na maharage hukua pamoja chini ya kivuli kizito. Kisha huona rweya, nyika ya majani ambayo kwa kawaida haikulimwa kwa kuwa ardhi yake ni dhaifu. Mvua inyeshayo juu ya vyote viwili ni moja, na mara nyingi hata mwamba ulio chini ni mmoja. Tofauti kubwa imeletwa na mikono ya watu. Kwa vizazi vingi wenyeji walikata majani ya rweya, wakakusanya samadi ya ng'ombe waliolisha huko, na vyote wakavilaza chini ya migomba.

Maelezo hayo ni ya kweli, nayo yafaa kufundishwa shuleni. Lakini yameacha jambo moja. Wazee wetu walipokuwa wakiilisha migomba yao, walikuwa pia, pasipo kujua, wakifuga viumbe wadogo mno waishio ndani ya mizizi na kuisaidia kutafuta chakula ardhini. Viumbe hao ni kuvu za mizizi, ambazo wataalamu huziita mikoriza. Siku hizi zinazungumzwa sana duniani, na tayari wapo wafanyabiashara wanaoziuza katika pakiti. Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba kuvu hizo zastahili kupewa nafasi katika mipango ya kilimo ya Karagwe na Kyerwa, lakini si kwa njia ya pakiti. Shambani tuzitunze zile zilizokwisha kuwamo. Na mahali pa kuzipandikiza kwa mkono ni pale tu zinapokosekana, yaani kitaluni.

KUVU HIZI NI NINI?

Wengi wetu tukisikia neno kuvu hukumbuka mkate ulioharibika, au ugonjwa wa Panama, ambao huletwa na kuvu na umekwisha kuua migomba ya aina kadhaa katika Mkoa wa Kagera. Lakini si kila kuvu ni adui. Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, alieleza kwamba mizizi ya miti mingi ya msituni imefunikwa na nyuzi za kuvu, na kwamba miti hiyo haiugui bali inalishwa. Frank alikuwa ametakiwa na utawala wa Prussia kutafuta njia ya kulima uyoga wa thamani uotao chini ya ardhi. Kilimo cha uyoga huo hakukifanikisha, lakini katika kuuchunguza alipata jambo kubwa zaidi, akalipa jina la mikoriza kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kuvu na mzizi.

Kuvu alizoziona Frank huufunika mzizi kwa nje, nazo huishi na miti kama misonobari. Kuvu zinazoihusu migomba yetu ni za kundi jingine. Hizo hupenya ndani ya chembe hai za mzizi na humo hujigawa mfano wa kijiti chenye matawi mengi madogo. Hapo ndipo soko lilipo: kuvu hutoa madini, na mmea hulipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani kwa nguvu ya jua. Mwaka 2017 wachunguzi walionyesha kwamba mmea hutoa mafuta pia, kwa kuwa kuvu hizi haziwezi kujitengenezea. Inakadiriwa kwamba kati ya sehemu 4 na 20 za kila sehemu 100 za chakula kinachotengenezwa na mmea huenda kwa kuvu. Hiyo si bei ndogo. Mmea usingekubali kuilipa kama faida isingekuwapo. Biashara hiyo ni ya kale mno, maana katika mawe ya Rhynie huko Scotland, yenye umri wa miaka milioni 400 hivi, zimeonekana alama za kuvu za namna hii ndani ya mimea ya nchi kavu ya mwanzo.

Bidhaa kubwa katika soko hilo ni fosforasi. Madini haya hayatembei upesi ardhini kama naitrojeni iyeyukavyo na kufuata maji. Hung'ang'ania chembe za udongo. Mzizi ukisha kufyonza fosforasi iliyo karibu yake, hubaki umezungukwa na eneo tupu la upana wa milimita chache tu, nao hufa njaa ingawa chakula kipo mbele kidogo. Nyuzi za kuvu ni nyembamba kuliko mzizi wowote. Hupita katika matundu madogo ya udongo, huvuka eneo lile tupu, na kufika sentimita kadhaa mbele. Hivyo kuvu huurefusha mkono wa mmea. Huusaidia pia kupata zinki, na nyuzi zake huzifunga chembe za udongo pamoja, ili mvua kubwa isizichukue upesi kutoka vilimani.

Mgomba, mbuni, muhindi, mharage, muhogo na kitunguu yote ni mimea ishiyo na kuvu hizi. Muhogo huzitegemea kupita kiasi. Katika udongo haba usio na kuvu hudumaa. Kwa mharage kuna ushirikiano wa watatu: bakteria wa vinundu hukamata naitrojeni ya hewani, lakini kazi hiyo yahitaji fosforasi nyingi, na fosforasi huletwa na kuvu. Kwa upande mwingine kabichi, sukuma wiki na mchicha haziishi na kuvu hizi.

FUNDO LA UDONGO WA KARAGWE

Kwa nini jambo hili liwahusu hasa watu wa Karagwe na Kyerwa? Jibu limo katika jaribio moja lililofanyika Karagwe, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2016 na Ariane Krause wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin pamoja na wenzake. Udongo wa mahali pale ni wa jamii iitwayo Andosoli, yenye asili ya majivu ya volkano. Udongo wa jamii hiyo hushika maji vizuri, lakini huikamata fosforasi kwa nguvu na kuinyima mimea. Wachunguzi walilima mazao saba kwa mchanganyiko, kama wakulima wa huko walimavyo. Mahali ambapo hapakuwekwa kitu, mahindi yalitoa tani 1.10 kwa hekta. Palipotiwa tope litokalo katika mtambo wa gesi ya samadi, yalitoa tani 2.63, palipotiwa mboji ya kawaida, tani 3.18; na palipotiwa mboji iliyochanganywa na makaa laini na kinyesi cha binadamu kilichotakaswa kwa joto, tani 4.40. Mboji hiyo ya mwisho iliupunguzia udongo uchachu, kutoka kipimo cha 5.3 hadi 5.9, na kuiongeza fosforasi ipatikanayo kutoka miligramu 0.5 hadi 4.4 katika kila kilo ya udongo.

Jaribio hilo halikuwa la kuvu. Nimelieleza kwa sababu linatuonyesha fundo liko wapi na linatukinga na kosa la upande wa pili. Fundo ni fosforasi, na katika ardhi ya namna hiyo mmea usio na msaidizi wa kuitafuta hupata taabu. Kosa la kuepuka ni kudhani kwamba kuvu ni mbolea. Kuvu ni mchukuzi, na mchukuzi hachukui mzigo usiokuwapo. Kila gunia la kahawa na la maharage liendalo mnadani, na kila mkungu upakiwao lorini kwenda mijini, huondoka na fosforasi ya kibanja. Zamani ng'ombe waliirudisha kutoka rweya. Leo kaya nyingi hazina ng'ombe. Tukiwatumia kuvu peke yao bila kurudisha kitu, tutakuwa tunaichimba ardhi kwa jembe lililonolewa vizuri zaidi, na mwisho wake ni kuifilisi mapema.

Kwa hiyo basi, mambo mawili lazima yaende pamoja: kurudisha fosforasi, na kumtunza mchukuzi wake. Mboji, samadi na majivu ya jikoni viko karibu. Nchi yetu pia ina mwamba wa fosfati wa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, uliochimbwa tangu mwaka 1983. Unga wa mwamba huo huyeyuka polepole, na huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wenye uchachu kama wa Karagwe. Na kinachoyeyuka polepole ndicho kuvu zinachokiweza. Ruzuku ya mbolea iliyorejeshwa na Serikali katika msimu wa 2022/2023 ilikuwa jambo jema, ila yafaa ieleweke kwamba mbolea ya chumvichumvi yenye fosforasi ikitiwa kwa wingi mno huufanya mmea uache kumlipa mchukuzi, na kuvu hupungua mizizini. Kiasi kidogo kinachotiwa pamoja na mboji hufaa kuliko kingi kinachotiwa peke yake.

PAKITI ZA MADUKANI

Tuje sasa kwenye pakiti. Kati ya mwaka 2009 na 2011 mradi ulioongozwa kutoka Nairobi na taasisi ya TSBF-CIAT ulizipima bidhaa zaidi ya 100 zilizokuwa zikiuzwa kwa wakulima katika Kenya, Ethiopia na Nigeria kwa ahadi ya kuongeza mazao, zikiwamo za kuvu. Ni chache tu zilizoonekana kuwa na manufaa ya kutegemewa, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za bakteria wa vinundu vya kunde. Huko Uswisi, ambako hakuna upungufu wa maabara wala wa maafisa, wachunguzi walitia kuvu katika mashamba 54 ya mahindi na kutangaza matokeo mwaka 2023. Katika baadhi ya mashamba mimea iliongezeka hadi asilimia 40. Katika mengine ilipungua hadi asilimia 12. Faida kubwa ilionekana mahali palipokuwa na kuvu nyingi za maradhi ardhini, na haikuweza kutabirika kwa kupima madini peke yake.

Sababu zake si ngumu kuzifahamu. Kwanza, kuvu hizi haziwezi kuishi muda mrefu pasipo mzizi ulio hai, na pakiti iliyokaa miezi kadhaa chini ya bati la duka huenda ikawa na vumbi tu. Pili, kuvu iliyozoea udongo wa nchi nyingine huletwa mahali penye kuvu wenyeji waliokwisha kushika nafasi zote. Sisemi kwamba kila muuzaji ni mdanganyifu. Nasema kwamba mkulima wa Kaisho au Bugene, ambaye fedha yake ya mwaka hutegemea kahawa, asiombwe kuitoa kwa kitu ambacho hakijapimwa katika udongo wake mwenyewe. Kabla bidhaa ya namna hiyo haijatangazwa kwa wakulima, ipimwe kwanza shambani, na wenye kuipima wasiwe wale wanaoiuza.

KUZITUNZA SHAMBANI

Kuvu zilizo shambani hazidai fedha, bali hudai mwenendo. Dai la kwanza ni mizizi hai mwaka mzima. Huko Queensland, Australia, wakulima waliziacha shamba zao tupu kwa zaidi ya mwaka ili zitunze maji, lakini mazao yaliyofuata yakadumaa kwa kukosa fosforasi na zinki. Mwaka 1987 J. P. Thompson alionyesha kwamba chanzo kilikuwa ni kufa kwa kuvu za mizizi, maana hazikuwa na wa kuzilisha. Kibanja chetu kina ubora juu ya mashamba yale, kwa kuwa mgomba na mbuni havitoki ardhini, na maharage hupandwa chini yake. Kinachotishia ni desturi mpya ya kufungua rweya kwa kulima mahindi au maharage peke yake, kisha kuiacha ardhi ikiwa uchi hadi msimu mwingine.

Dai la pili ni kuacha moto. Nyika ikichomwa, matandazo ya mwaka mzima huwa moshi kwa saa moja, na tabaka la juu, ambamo kuvu nyingi hukaa, hupata joto na kisha jua. Dai la tatu ni jembe la huruma. Kila tunapopindua udongo kwa kina tunazikata nyuzi zilizochukua miezi kutandazwa. Palizi iwe ya juu juu, na matandazo yafanye kazi ya kuzuia magugu. Dai la nne ni mpangilio wa mazao: baada ya kabichi au mchicha, afadhali lifuate zao lishilo na kuvu, kama mahindi au maharage, badala ya kurudia kabichi mara kwa mara mahali pale pale.

Msomaji ataona kwamba karibu yote haya wazee waliyafanya katika kibanja. Hawakuwa na hadubini, wala hatuna haja ya kudai kwamba walijua tunayoyajua sisi. Lakini mwenendo wao ulikuwa sahihi, na sayansi imekuja kutueleza kwa nini.

KITALUNI

Pana mahali pamoja ambapo mwenendo wa wazee hautoshi. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria wa migomba, uitwao pia unyanjano, uliingia Kagera baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Hauna dawa, mgomba ulioambukizwa hung'olewa. Wakulima wengi wa Karagwe na Kyerwa walilazimika kufyeka sehemu za vibanja na kutafuta miche safi. Njia mojawapo ya kuipata miche hiyo ni kuizalisha maabara, ndani ya chupa zilizotakaswa. Usafi huo ndio sifa yake, maana haina bakteria wala minyoo. Lakini kwa usafi huo huo haina hata kuvu moja. Mche huo ukipandwa katika udongo wa kitalu uliopikwa, kisha ukapelekwa kwenye kibanja kilichokaa kitupu baada ya kung'olewa migomba, huwa kama mtoto yatima katika nyumba isiyo na chakula.

Watafiti wa Kenya, akiwamo Joyce Jefwa, wamelichunguza jambo hili. Majaribio ya huko na kwingineko yanaonyesha kwamba miche ya chupa iliyopewa kuvu kitaluni mara nyingi hukua upesi zaidi, ingawa manufaa hutofautiana kwa aina ya mgomba na aina ya udongo. Wazo lenyewe si geni kwetu. Misonobari ilipoletwa katika nchi za joto, miche yake ilidumaa mahali pengi hadi ilipopewa udongo wenye kuvu zake. Tangu hapo watu wa misitu hutia kitaluni udongo kutoka chini ya misonobari iliyokomaa. Kama tumelifanya hilo kwa mbao, kwa nini tusilifanye kwa chakula?

Hata hivyo tahadhari ni lazima. Udongo usichukuliwe chini ya migomba, kwa sababu kuvu ya Panama huweza kukaa ardhini miaka mingi, na minyoo nayo ingeletwa. Njia salama zaidi ni kuchukua udongo mahali ambapo migomba haijapata kupandwa, kuupanda mahindi au majani katika vyungu vyenye mboji kidogo kwa miezi mitatu au minne, kisha kuikata mimea na kuuacha udongo ukauke. Mizizi iliyokatwakatwa pamoja na udongo wake ndiyo mbegu ya kuvu. Konzi moja chini ya kila mche yatosha. Kitalu cha kijiji chaweza kuifanya kazi hiyo, ila kwanza kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, kiombwe kuipima mbegu hiyo kwa aina za migomba zinazogawiwa sasa na kwa udongo wa wilaya hizi mbili.

KAZI YA SHULE ZETU

Mwisho nasema na walimu na wanafunzi. Jambo hili laweza kuonekana kwa macho katika shule yoyote ya sekondari. Chukueni udongo wa rweya, uupikeni kwa mvuke ndani ya pipa kwa saa moja, na mrudie kesho yake. Ujazeni katika makopo 20. Katika makopo 10 tieni konzi ya udongo mbichi wa kibanja wenye vijizizi. Katika 10 mengine tieni konzi ya udongo ule ule uliochemshwa, pamoja na maji yaliyouosha udongo mbichi na kuchujwa kwa karatasi ya kuchujia, ili bakteria wafike pande zote mbili na tofauti ibaki kuwa ya kuvu. Pandeni vitunguu kote, na baada ya wiki nane mpime urefu na uzito.

Kisha oneni kuvu zenyewe. Horst Vierheilig na wenzake walieleza mwaka 1998 kwamba wino na siki vyatosha. Vijizizi huchemshwa katika maji ya potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi viwe vyeupe, kazi ambayo mwalimu aifanye mwenyewe kwa kuwa dawa hiyo huunguza, huoshwa, kisha huchemshwa kwa dakika tatu katika siki yenye wino wa asilimia 5. Chini ya hadubini ya kawaida nyuzi huonekana za rangi ya wino ndani ya mzizi ulio wazi. Shule zikilinganisha mizizi ya kibanja cha zamani, ya rweya iliyochomwa na ya mche wa chupa, zitapata habari ambazo hazimo katika kitabu chochote, nazo zitawafaa maafisa kilimo na wazazi wao.

Usiache mbachao kwa msala upitao, husema Waswahili. Mbachao wa Karagwe na Kyerwa ni kibanja chenyewe na viumbe waliomo. Miche safi yahitajika, na mbolea yahitajika. Lakini kila mche mpya utolewao kwa mkulima utolewe ukiwa na kuvu zake mizizini, na kila mkulima aelezwe kabla ya kufungua mfuko wake kwamba sehemu kubwa ya anachouziwa pakitini anayo chini ya miguu yake.